Alama ya Rangi ya Kucha

Lori la baba yangu lilianza kutetemeka siku lilipobeba jeneza la Baba Mdogo, na kwa sababu hiyo watu wengi wa mtaani kwetu Ujiji hawakukubali kwamba ule ulikuwa ubovu wa gari.

Baba Mdogo hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa utingo wa baba. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akavuka ziwa akiwa kijana, akaoa katika kijiji cha Mwamgongo na kujenga huko. Lakini Mwamgongo haifikiki kwa gari, na riziki yake ilikuwa gari, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika chumba cha uani kwetu. Baba ni Mha, Mwislamu wa swala tano. Baba Mdogo alikuwa Mkristo wa kuimba, na aliimba vibaya. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka thelathini na sikumbuki siku waliyoimaliza bila kugombana. Waligombana juu ya njia, juu ya mzigo, juu ya nani aliyesahau jeki. Jioni walikula sahani moja.

Lori lenyewe ni la petroli, lenye pua ndefu, na lina umri kunishinda mimi ambaye tayari nina mvi. Mtu mwenye akili angeshaliuza chuma chakavu, au angelitoa injini akaliwekea ya dizeli, na watu wenye akili hawakukosekana wa kumwambia baba hivyo. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawauliza habari za watoto wao. Lori lilibeba dagaa kutoka mwaloni, boti za wavuvi zinaposhusha, kwenda Kasulu na kurudi na maharage. Lilibeba mawese kwenye mapipa, tofali, vitanda vya maharusi, na mara moja ng'ombe aliyetafuna nusu ya turubai letu kabla hatujafika.

Injini ya aina ile inataka mtu wa kuisikiliza. Cheche lazima iruke kwa wakati wake. Ikiwahi, injini inagonga ikipanda mlima, mlio wa misumari ndani ya kopo. Ikichelewa, gari linazubaa, linachemka, linakunywa mafuta bure. Magari ya sasa yanajipangia yenyewe mambo hayo. La kwetu lilipangwa kwa mkono, na mkono ulikuwa wa Baba Mdogo. Alibana karatasi nyembamba ya sigara katikati ya platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, akaizungusha injini taratibu huku anaivuta ile karatasi kwa vidole viwili, mpaka mahali inapoachia. Hapo ndipo cheche inaporuka. Kisha baba aliwasha, akakanyaga mafuta kidogo, na Baba Mdogo akaishika distributa, kile kikombe kinachogawa cheche, kwa kiganja na kuizungusha, unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma, macho ameyafumba. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Marehemu mama aliacha hata kutwanga.

"Iko muzuri, dereva," alisema mwishowe, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ambacho hakikumwacha mpaka mwisho. "Sasa tukaze."

Halafu walilipandisha mlima kutoka stesheni kwenda Mwanga, wakisikiliza. Likigonga, walirudi na kuanza upya, na wakagombana.

Rangi ya kucha ilikuwa yangu. Nilikuwa msichana wa shule, nimeinunua kwa siri, nyekundu ya kupiga kelele, na mama alikuwa ameikamata na yuko njiani kwenda nayo chooni. Baba Mdogo akatoa kichwa chini ya boneti. "Shemeji, usiitupe. Letea miye." Akachora kwa kile kibrashi mstari mwembamba kuanzia kwenye distributa hadi kwenye injini, ili siku akiifungua ajue pa kuirudisha. Tangu hapo hakufungua kitu bila kukitia alama kwanza. Chokaa inafutika, alisema, na patasi inajeruhi chuma, lakini rangi ya kucha haiogopi mafuta wala maji. Mimi nilikua, nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na biashara yangu ya dagaa, na miaka yote hiyo niliendelea kumnunulia vichupa. Nikimletea ya waridi alikasirika.

Alikuwa na kazi nyingine, ya kiti cha kushoto. Shingo ya baba haigeuki vizuri, imekakamaa tangu zamani, na kwenye kila njia panda alitazama kulia tu. Kushoto kulikuwa kwa Baba Mdogo. Kukiwa kweupe, alitoa mkono dirishani na kugonga mlango kwa nje mara mbili. Hata tukiwa katikati ya safari, kila baada ya mwendo fulani alichungulia mzigo nyuma, kisha akagonga mara mbili, maana yake mzigo salama. Baba alijibu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hawakutazamana. Nilipokuwa mdogo nikikaa katikati yao niliona ni mchezo.

Kabla ya kuugua, kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye propela, yaani ule mtaimbo mnene unaozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Krosi moja, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu ijipinde, ilikuwa imekwisha. Akaishusha propela, akabadili krosi, akaifunga. Kisha homa ikamshika, ikashuka kifuani, na hakuamka. Lori lilikaa uani muda wote huo, kwa sababu baba hakutaka kwenda popote.

Tulilipakia jeneza na kulifunga kwa kamba zilezile za mapipa. Safari ilikuwa fupi tu, Ujiji hadi Kibirizi, ambako boti ilikuwa inangoja kumpeleka Mwamgongo. Wanawake tulikaa bodini kulizunguka, wenzangu wakiimba nyimbo za kanisani na mimi nikiitikia nilipojua maneno. Mitaani kulikuwa shwari. Tulipoingia kwenye lami na baba akabadili gia na kuongeza mwendo, mbao zilianza kutikisika chini yetu. Kwanza ilikuwa kama ganzi ya miguu. Kisha ukawa mtetemo hasa, na jeneza likaanza kugonga mbao, ko-ko-ko-ko, na nyimbo zikakatika.

Shangazi yake mmoja, bibi kizee aliyekuja kutoka Kagunga, alilikumbatia jeneza kwa mikono miwili. "Amekataa," akasema. "Hataki kwenda."

Baba akapunguza mwendo, jeneza likatulia. Akaongeza, likaanza tena. Kwa waliokuwa bodini huo ulikuwa ushahidi tosha. Tukaenda mwendo wa miguu mpaka Kibirizi, bajaji zikitupita, na mimi nilikuwa nalia kwa uchungu na kwa aibu, maana hata akienda kuzikwa tulikuwa tunamwendesha vibaya. Pale ufukweni lori likasimama mahali lilipozoea kusimama. Jeneza likaingia kwenye boti, baba akaingia nalo, na mimi nikabaki kulinda gari ambalo halikuwahi hata mara moja kufika kwa mtu aliyelihudumia.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema isomwe dua. Ikasomwa, tena nzuri. Katekista aliyekuwa akimtembelea Baba Mdogo alipokuwa mgonjwa alisema yeye angependa kulisalia gari, na baba akasema karibu. Wote wakanywa chai. Lori likaendelea kutetemeka vilevile, na wao wakasema marehemu bado ana neno. Mimi nilichukia. Watu walikuwa tayari kumsingizia maiti kabla ya mmoja wao kuinama na kutazama chini ya gari.

Utingo mpya hakupatikana, kwa kuwa kiti kile kilikuwa kimeshapata sifa mbaya. Nikakikalia mimi. Dagaa wangu walipaswa kufika Kasulu, na baba alipaswa kuwa na mtu wa kushoto. Sikugonga mlango, nilisema tu, "Twende, Baba." Aliitikia "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, akaenda. Tukishaingia kwenye mwendo, mtetemo ulianza miguuni, ukapanda kwenye kiti, mpaka meno yalipoanza kugongana. Mlango wa kushoto, ambao kitasa chake kimelegea, uligonga wenyewe muda wote. Nilimwona baba mara kadhaa akiinua kidole kwenye usukani. Nilidhani ni uzee.

Nilikuwa na hofu moja, na nitaisema ilivyo. Nimewahi kuona lori ambalo propela yake ilikatika mbele. Ilikuwa njia hiyohiyo ya Kasulu, kabla ya lami. Ile ncha ilianguka chini gari likiwa kasi, ikachoma barabara, na lori zima likainuliwa juu yake na kupinduka. Dereva alifunikwa kwa khanga za abiria. Mtetemo haukai mahali pake, unakula krosi, unakula nati, unakula gia boksi, na siku moja kitu kinaachia. Nilikuwa nimemzika Baba Mdogo, sikuwa tayari kumzika baba. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo, naye akasema gari lina uzee tu, hata yeye magoti yanatetemeka.

Nikamleta fundi kutoka Mwanga. Alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema ni taimingi, yaani cheche hairuki kwa wakati, kwa kuwa kila fundi akiona distributa siku hizi anadhani amepata mchawi. Akachukua spana ailegeze. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mbali kabisa, na sijui alifikaje pale. Aliushika mkono wa yule fundi.

"Hapo hapaguswi."

"Mzee wangu, shikamoo, lakini injini haijapangwa."

"Marahaba. Imepangwa. Alama si unaiona?"

Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka juu ya distributa na injini, haujasogea hata kidogo. Fundi alinitazama mimi, nami nikamtazama baba. Akaondoka bila chai.

Lakini maneno yale yalinikaa. Kama taimingi ni ileile, na injini ikisimama mahali pamoja inanguruma vizuri, basi kwa nini tutikisike? Safari iliyofuata tulikuwa tunashuka kutoka Mwanga kwenda Kigoma mjini. Mtetemo ulikuwa umeshaanza.

"Baba, toa gia."

"Nitoe gia mteremkoni?"

"Toa tu. Breki si unazo?"

Akatoa. Injini ikashuka sauti, ikawa inapumua polepole, na lori likaendelea kuserereka kwa uzito wake. Mtetemo ulikuwa palepale. Ulipungua mwendo ulipopungua, ukaongezeka mwendo ulipoongezeka, na injini haikuwa na habari.

"Umeona?" nikasema. "Injini imepumzika na sisi bado tunacheza ngoma. Si taimingi. Ni huku nyuma, ni kitu kinachozunguka na magurudumu."

Alirudisha gia. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyeshika usukani maisha yake yote anajua kipimo hicho kuliko mimi niliyekijulia kwao. Nikaelewa kwamba baba anajua kitu na ananificha.

Ijumaa, alipovaa kanzu na kwenda msikitini, nikatandika gunia na kujilaza chini ya lori. Nilikuwa na kitambaa, kopo la petroli, na hasira. Ukiwa chini ya gari lile unaona miaka yote iliyopita juu yake, vumbi jekundu la Kasulu, magamba ya samaki, mafuta yaliyokauka. Propela yetu ni vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno katikati. Kila kipande kina masikio yanayoshika krosi, na masikio hayo lazima yatazame upande mmoja. Yakipishana, kipande kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta, na gari zima linatikisika. Hata mtoto akionyeshwa anaelewa. Nikatazama. Ya mbele yalikuwa yamelala. Ya nyuma yalikuwa yameinuka mshazari.

Sikuamini. Baba Mdogo hakuwahi kufunga kitu mshazari. Nikaitafuta alama yake, na niliipata, doa jekundu kwenye kipande cha mbele, na mbele yake kabisa doa jingine kwenye kipande cha nyuma, yamekabiliana kama inavyotakiwa. Nilibaki nimelala pale nikiwa sielewi kitu. Alama zimekutana na kazi imepotoka.

Nikalowesha kitambaa kwenye petroli nisugue vizuri nione. Doa la mbele lilibaki, likatakata likawa mstari unaong'aa. La nyuma likayeyuka. Likaingia kwenye kitambaa, la rangi ya chungwa, na nikanusa, na harufu ilikuwa ya jikoni kwetu. Mawese. Wiki ya mwisho kabla ya kuugua kwake tulikuwa tumebeba mapipa, moja likavuja kati ya mbao, tone likaanguka juu ya propela, likakauka na vumbi. Nikaendelea kusugua kipande cha nyuma chote, mzunguko mzima, na umbali wa meno kadhaa pembeni, chini ya grisi iliyogandamana, ukatokea mstari mwembamba mwekundu wa rangi ya kucha. Petroli haikuutoa.

Alikuwa ameona doa la mawese akadhani ni alama yake. Mtu yeyote mwenye macho angetofautisha. Tena kwa mwanga wa mchana.

Nikasikia ndala za baba uani, zikasimama ghafla. Nadhani aliiona miguu yangu imechomoza chini ya lori, mahali palepale ambapo miguu mingine ilizoea kuchomoza. Alisema neno ambalo sikulisikia vizuri. Kisha akasema, "Toka huko."

"Baba, njoo uone."

"Nimesema toka."

Nikatoka na kitambaa changu. Alikitazama, na sikuhitaji kumweleza kitu. Alikaa juu ya gurudumu la akiba, akiwa bado na kanzu yake nyeupe, ambayo siku nyingine asingethubutu kuisogeza hata karibu na gari.

"Uliona lini?" nikamuuliza.

"Siku niliyorudi kutoka Mwamgongo."

Miezi yote ile. Dua, katekista, yule fundi, safari zote za Kasulu na meno yetu yakigongana. Nilipandisha sauti, naikumbuka ilivyopanda, nikamwuliza kama alitaka tufe. Akaniacha nimalize.

"Alikuwa haoni," akasema.

Ndipo aliponieleza. Baba Mdogo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yalimzidi miaka ile ya mwisho. Baba alimwambia waende hospitali akatolewe, akajibu macho yake hayana kitu, ni vumbi. Alimwambia mara ya pili, wakagombana ugomvi wa kweli, si ule wa kila siku, na baba hakusema tena. Badala yake akaanza kumpangia spana kwa mfuatano, ile itakayotakiwa kwanza ikae juu. Kila waliposhusha kitu chini ya gari alilala pembeni yake na kumwambia, kama anayejisemea, "hii hapa alama, naiona." Kwenye njia panda alijifanya anatema mate nje, au anasogeza kiti, ili augeuze mwili mzima na kutazama kushoto mwenyewe. Kisha alirudi mbele, akangoja mlango ugongwe mara mbili, ndipo aondoke.

"Na taimingi?" nikauliza.

"Ile haikutaka macho. Ile alikuwa haikosei."

Siku ya ile krosi ilikuwa Ijumaa pia. "Nilimwambia anisubiri nitoke msikitini," baba akasema. "Nikarudi nikakuta ameshafunga, amekaa anafuta mikono. Akaniambia iko muzuri, dereva. Sikuinama kuangalia. Angeniona ninainama." Akajisahihisha. "Angesikia."

Kama angeifungua propela baada ya mazishi, ningeuliza kwa nini. Ningejua, na uani kwetu jambo likijuliwa na mmoja limejuliwa na Ujiji nzima. Wangesema lori la dagaa na abiria wa kudandia njiani lilikuwa linaangaliwa na kipofu. Wangesema angeua watu. Hakuna ambaye angekumbuka kitu kingine chochote juu yake. Heri waseme maiti amekataa kwenda, baba alisema, hilo angalau lina heshima. Na mbali na hayo, akasema kwa sauti ya chini, ile ndiyo kazi yake ya mwisho. Akiifungua hakuna nyingine.

Nilikuwa na hasira bado, lakini haikuwa na pa kwenda. Nilimwonea huruma baba, na nilimwonea huruma yule mwingine, akipapasa peke yake chini ya lori, akiharakisha, ili mwenzake atakaporudi msikitini amkute amemaliza bila msaada wa mtu.

"Baba," nikasema, "na wewe ukifa juu ya kosa lake, hapo ndipo watu watauliza. Watalivuta lori gereji, watalala chini, wataona."

Kisha akasimama, akavua kanzu, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kamba ya nguo. Akajilaza kwenye gunia langu. Nikajilaza upande wa pili. Tulifungua nati, tukaishusha propela, tukaivuta. Aliichukua ile sehemu ya nyuma mwenyewe, akaizungusha taratibu mpaka mstari mwekundu ukakutana na mstari mwekundu. Aliushika hapo kwa muda, kidole gumba juu ya rangi. Kisha akanyoosha mkono kando bila kutazama, akingoja kupewa spana, na mimi nilichelewa kuelewa.

Jumamosi asubuhi tulitoka kulijaribu, bodi tupu, baba na mimi. Tuliingia kwenye lami. Akabadili gia, akaongeza mwendo, nami nikakaza miguu kwa mazoea. Hakukuwa na kitu. Lori liliteleza tu. Kwenye mlima wa kwenda Mwanga injini ilivuta bila kugonga hata mara moja, kama alivyoipanga mtu ambaye haoni. Nilifurahi, nakiri, nilicheka kwa sauti peke yangu. Mlango wa kushoto ulikuwa umetulia.

Tulikuwa tumerudi njia ya Kibirizi, karibu na mahali jeneza lilipoanza kugonga, nilipoona mwendo unapungua. Mbele hakukuwa na gari wala mtu. Baba alikuwa ametazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, na lori likawa linakwenda taratibu, kisha taratibu zaidi. Bajaji ilipiga honi nyuma yetu, ikatupita. Nilimtazama uso wake na nikaelewa kile kidole kilichokuwa kikiinuka safari zote zile. Kilikuwa kinaujibu mlango, na sasa baba alikuwa anangoja ugongwe.

Nikachungulia nyuma, kwenye bodi tupu. Nikatoa mkono dirishani na kugonga mlango kwa nje, mara mbili.

Hakuinua kidole. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Asante, mwanangu," akasema. "Usigonge tena."

Akaligeuza pale pale barabarani, akalirudisha nyumbani, akaliegesha uani mahali pake na kuzima. Ufunguo aliutundika kwenye msumari wa mlango wa kile chumba cha uani. Dagaa wangu sasa wanakwenda Kasulu na gari la mtu mwingine. Kila baada ya siku kadhaa ninawasha injini ili betri isife, nayo inaitika mara moja, haikohoi, haigongi, na baba akiisikia anatoka nje na kusimama kwenye baraza mpaka niizime. Lori ni zima kabisa.